Bahari ya Lubumbashi Inaanzia Kasumbalesa

Anayetoka Lubumbashi kwenda kuogelea baharini huanza safari nyuma ya lori la shaba. Barabara ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia ulio kilomita zisizofika 100 kutoka mjini, ndiyo inayopitisha shaba ya Haut-Katanga kwenda Dar es Salaam na bandari nyingine. Ndiyo hiyo hiyo inayopitisha familia zenye mabegi na watoto wasiotulia, mwanzoni mwa Julai, shule zinapofungwa. Wakati huo Lubumbashi, mji ulio mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, huwa na asubuhi za kutetemesha meno. Watu wa Katuba na wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi) wanatembea na mapulova, na habari za mchanga na jua zinasikika tamu kuliko miezi mingine.

Kongo ina bahari yake, Moanda, kule magharibi. Ila ramani ina mzaha wake. Kwa mstari ulionyooka, Lubumbashi hadi Moanda ni karibu kilomita 1,800, na Lubumbashi hadi Zanzibar ni kama 1,400 tu. Bahari ya nchi jirani iko karibu kuliko ya kwetu.

Na si umbali peke yake. Mtu wa Lubumbashi akishuka kwenye boti Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, anasikia Kiswahili kuanzia kwa mpagazi hadi kwa mpishi. Hahitaji mkalimani wala kijitabu cha maneno ya watalii. Anaweza kuuliza samaki huyu amevuliwa lini, nazi imekunwa leo au jana, na kwa nini bei ya jirani ni ndogo. Watalii wa Ulaya humlipa mtu wa kuwatembeza ili wapate majibu hayo. Ajabu ni kwamba wengi wanaotoka kwetu hawaitumii nafasi hiyo: wanajifungia katika hoteli ya ufukweni, wanakula viazi vya kukaanga na kuku kwa siku zote, kisha wanarudi wakilalamika kwamba kisiwa ni ghali. Ghali ni ile hoteli. Kisiwa chenyewe kinalika kwa bei ya kawaida, mradi mtu ajue pa kukaa na saa ya kwenda.

Kwanza afike. Njia ni mbili, ya angani na ya barabarani. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, Kenya Airways hupitia Nairobi na Ethiopian Airlines hupitia Addis Ababa. Air Tanzania nayo imeiingiza Lubumbashi katika safari zake za Dar es Salaam. Ratiba hubadilika, kwa hiyo anayepanga likizo ya Julai aulize tangu Aprili. Wako wanaovuka mpaka na kupandia ndege Ndola wakiona tikiti ya huko ni nafuu, lakini hesabu hiyo iingize teksi, viza na usiku mmoja wa kulala Zambia kabla mtu hajashangilia. Na aliyepandia Luano asisahau Go-Pass, ile ada ya uwanja wa ndege, katika bajeti yake.

Barabarani ni karibu kilomita 2,000: Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, Mpika, hadi Nakonde, halafu Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro. Basi linaweza kuchukua siku mbili, linaweza kuchukua tatu. Mipaka ndiyo inayoamua. Ukivuka Tunduma, sogeza saa mbele kwa saa moja, la sivyo utaachwa na basi la asubuhi ukiwa bado unakunywa chai. Upande wa Tanzania ndio mtamu zaidi. Ilula, baada ya Iringa, vitunguu na nyanya vimepangwa kando ya lami. Baadaye barabara inaushuka mlima wa Kitonga kwa kona zinazowanyamazisha hata wapiga soga, kisha inaikata katikati hifadhi ya Mikumi. Anayekaa dirishani mchana anaweza kuona tembo, twiga na swala bila kulipa hata shilingi ya kiingilio. Ni hoja nzuri ya kuchagua basi linalopita pale jua likiwa bado juu.

Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, ilijengwa na Wachina miaka ya 1970 na bado ina wapenzi wake. Ila treni zake za abiria zimekuwa zikichelewa na kusimama mara kwa mara. Inamfaa mwenye muda mwingi. Mwenye siku kumi za likizo na watoto watatu, hapana.

Vyeti visichukuliwe kwa wepesi. Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, lakini uanachama haujaziondoa meza za uhamiaji. Tanzania na Zambia zote zina konseli Lubumbashi. Huko ndiko kwa kuuliza habari za viza, si kwa binamu aliyesafiri miaka mitatu iliyopita. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaangaliwa kwa makini kwa kila anayetoka Kongo, na anayeipata kwa kuinunua bila sindano anajidhulumu mwenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje wawe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo bei yake kwa mtu mzima ilipangwa kuwa dola 44. Hulipwa kwa intaneti kabla ya kufika. Masharti yake kwa raia wa Jumuiya yaulizwe pale pale kwa konseli, siku ya viza. Na mzazi mmoja anayesafiri na watoto abebe karatasi ya ruhusa ya mwenzake, maana maofisa wa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, wana haki ya kuuliza.

Halafu pesa. Lubumbashi dola ni pesa ya sokoni: kodi ya nyumba, karo ya shule, hata gunia la unga. Tanzania mambo ni mengine. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mgeni abadilishe dola zake benki au kwenye duka la fedha, achukue risiti, atumie shilingi. Noti kubwa na safi hupewa kiwango kizuri kuliko noti ndogo, na noti za zamani, hasa za kabla ya 2006, hukataliwa sehemu nyingi. Katika hilo mtu wa Lubumbashi hahitaji somo. Amekulia mahali ambapo dola yenye mchaniko wa ukucha inarudishwa. Afadhali ajizoeze kuhesabu kwa elfu na laki, kwa sababu muuza samaki wa Darajani, soko la Unguja, hataelewa bei ikitajwa kwa Kifaransa.

Airtel na Vodacom zipo nchi zote mbili, lakini laini ya Kongo ikiwa ugenini inakula pesa kwa kasi. Laini ya huko ni rahisi, na husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani: Tanzania Bara iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka mingi kabla.

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, boti za mwendo kasi huchukua saa mbili hivi. Bei ya mgeni ni kubwa kuliko ya mkaazi, na tikiti inunuliwe dirishani, ndani ya ofisi, si kwa kijana anayemkimbilia mtu getini akimwita "bosi". Wazanzibari wana jina la vijana hao: papasi. Wengi si wezi, wanatafuta kamisheni tu, lakini kamisheni hiyo inatoka mfukoni mwa mgeni. Meli iliyojaa kupita kiasi isipandwe hata kama ni ya mwisho. Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imepakia watu na mizigo mno, na msiba ule bado unazungumzwa visiwani.

Jambo moja huwapata karibu wote waliokulia bara: kichefuchefu. Julai ni majira ya kusi, upepo wa kusini, na mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka. Kaa chini, katikati ya boti au nyuma, tazama mbali kwenye upeo, usisome simu. Kula kidogo kabla ya kupanda, tafuna tangawizi. Wahudumu hupita na vifuko, nao wamezoea kuona mengi.

Ushauri wa kwanza kwa aliyefika: usiku wa kwanza na wa pili asiende ufukweni. Alale Mji Mkongwe, sehemu iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, ambako vichochoro ni vyembamba hata pikipiki na mtu hupishana kwa kuombana radhi. Nyumba za wageni zipo za kila kiwango. Kabla ya kulipa, aulize kama bei ya chumba imejumlisha kodi za kila usiku, kwa sababu hizo ndizo zinazoleta ugomvi asubuhi ya kuondoka. Na chakula, ambacho ndicho kilichomleta (au kingepaswa kumleta), kiko pale pale chini ya dirisha.

Asubuhi ni ya vitumbua. Vya Zanzibar ni vya unga wa mchele, tui la nazi na iliki, vinapikwa katika kikaango chenye vishimo vya mviringo; ngozi ya nje inakuwa na rangi ya kahawia na ndani ni laini, na harufu ya iliki inatangulia. Kando yake kuna mandazi, chapati, mkate wa boflo, na mbaazi au maharage yaliyopikwa kwa nazi. Chai huja na tangawizi au mdalasini. Anayetaka kitu cha nguvu zaidi aulize supu ya ng'ombe au ya pweza, ambayo wanaume huinywa wakiwa wamesimama, kwa ndimu na pilipili, huku wakisifu nguvu zake kwa maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapa.

Mchana, fuata watu wanaofanya kazi. Soko la Darajani, ambalo jengo lake ni la mwaka 1904, lina upande wa samaki ambako mnada huendeshwa asubuhi kwa sauti na kasi: changu, nguru, jodari, tasi, ngisi, na papa aliyekatwa vipande. Harufu ni kali, sakafu ina maji. Viatu vya kufunika vidole vinasaidia. Sio mbali na hapo, Mkunazini, uko mkahawa wa Lukmaan, ambako sufuria zimepangwa mbele na mteja anaonyesha anachotaka: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza wa nazi, mchicha, biriani. Watalii wameshaugundua, lakini wenyeji hawajauhama, na hicho ndicho kipimo.

Samaki wa kupaka anastahili kungojewa. Hupakwa tangawizi, vitunguu saumu, ndimu na pilipili, akachomwa juu ya makaa, halafu tui zito lenye viungo likamwagwa juu yake huku moto ukiendelea, mpaka likamshika. Aliyezoea tomson wa kukaanga kwa mafuta, aliyetoka kwenye friji, atahitaji dakika chache kuamini kwamba hawa wawili wote wanaitwa samaki.

Na bukari? Ipo, kwa jina la ugali, ya mahindi matupu, bila ule unga wa muhogo ambao nyumba nyingi za Katanga huchanganya. Hupatikana kwa mama ntilie, pamoja na dagaa au mchuzi wa samaki. Sombe nayo ipo: kisamvu cha huko hupikwa kwa tui la nazi, wengine huongeza karanga, wala hakina mawese. Ni vizuri kukijaribu siku ya pili au ya tatu, ulimi ukishatulia. Tahadhari moja: nazi asubuhi, nazi mchana, nazi usiku ni nyingi kwa tumbo ambalo halijaizoea. Pumzisha kwa matunda na maji ya chupa, usinywe ya bomba.

Halafu kuna urojo, na hapa mtu akae. Ni mchuzi mwepesi wa manjano, una uzito kama uji wa mtoto, rangi yake inatoka kwenye binzari na uchachu wake kwenye embe mbichi, ukwaju au ndimu. Muuzaji huchukua bakuli, anaweka viazi vilivyochemshwa, anavunja bhajia za dengu na kachori, anaongeza mishikaki miwili iliyochomolewa kwenye kijiti, pengine yai, kisha anamimina mchuzi wa moto. Juu anatupia chipsi nyembamba za muhogo zinazolia zikitafunwa, chatine ya nazi, na pilipili kwa kiasi anachotaja mteja. Kila kitu kimo humo: chachu, chumvi, laini, kavu, moto. Wazanzibari huula alasiri, kati ya chakula cha mchana na cha usiku, na kila mtaa una muuzaji wake ambaye watu wa mtaa wanaapa kwamba hana mfano. Anayetaka kuujua mji awaulize watu watatu urojo mzuri uko wapi, halafu awaache wabishane.

Jua likizama, kila mtu anaelekea Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati wa Taasisi ya Aga Khan. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi ya 2020. Vijana wanajirusha majini kutoka ukutani wakishindana kwa mitindo. Meza zinapangwa, taa zinawashwa, wapishi waliovaa kofia nyeupe wanaita.

Forodhani ni raha ya macho kuliko ya tumbo, na si vibaya kulisema. Mishikaki ya kamba, ngisi na kamba-koche imepangwa vizuri, lakini mingine imeshachomwa kabla na inapashwa moto tu, na mteja anayeonyesha kwa kidole bila kuuliza hujikuta na sahani yenye mlima na bei yenye mlima. Uliza bei ya kila kijiti kwanza. Kisha chagua vinavyopikwa mbele ya macho. Pizza ya Zanzibar ni mojawapo: donge dogo la unga linavutwa mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kuona vidole upande wa pili, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, linakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya chuma cha duara. Watoto watadai ile ya ndizi na chokoleti. Juisi ya miwa, iliyokamuliwa kwa mashine ya mkono pamoja na ndimu na tangawizi, ndiyo kitu bora kuliko vyote pale, na ni ya bei ndogo kuliko vyote.

Kahawa isikosekane. Wauzaji hutembea na madele ya shaba juu ya makaa, wakigonganisha vikombe. Jaws Corner, njia panda ya Mji Mkongwe yenye mabaraza ya mawe, wanaume hunywa kahawa chungu kwa kashata, wanacheza bao au dhumna na kubishana siasa na mpira. Mgeni anayesalimia vizuri hupewa nafasi. Shikamoo kwa mzee haigharimu kitu, na jibu la marahaba mara nyingi hufuatwa na swali: mwenzetu unatoka wapi? Ukisema Lubumbashi, atakuwepo angalau mmoja atakayekuuliza habari za TP Mazembe.

Wapenzi wa Simba na bia nyingine wasiogope, lakini wajue adabu. Zanzibar ni nchi ya Waislamu. Bia hupatikana hotelini na kwenye baa zenye leseni, si kila kona. Nyama ya nguruwe ni vigumu kuiona, aliyeikosa sana atasubiri arudi Dar. Nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mjini na vijijini mabega na magoti hufunikwa, wanawake kwa wanaume. Na likizo ikiangukia Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana ni kosa linaloweza kumfikisha mtu polisi. Lakini mwezi huo una malipo yake: jioni, futari. Muhogo, ndizi mbichi na viazi vitamu vya nazi, tambi, kaimati zilizomwagiwa shira, uji wa pilipili manga, tende. Aliyealikwa futari nyumbani kwa watu amepata kitu kisichouzwa.

Siku ya tatu, basi, ufukwe. Daladala za Unguja zina namba: 116 huenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu. Ni polepole na zinajaza, ila nauli ni sehemu ndogo sana ya teksi, na abiria mwenzako atakuonyesha pa kushukia.

Hapa kuna jambo ambalo anayelijua Ziwa Mwero au Tanganyika hana sababu ya kulijua: bahari inaondoka. Pwani ya mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, maji yakipwa hurudi nyuma umbali mrefu sana, na mahali pa kuogelea panageuka uwanda wa mchanga, matumbawe na vidimbwi. Saa sita hivi baadaye yamejaa tena. Asiyejua hufika saa nne asubuhi na taulo lake begani, akakuta mashua zimelala ubavu juu ya mchanga, akadhani ameuziwa hoteli mbovu. Uliza hotelini saa za kupwa na kujaa kila siku, kwa kuwa zinasogea. Anayetaka kuogelea wakati wowote aende Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako tofauti hiyo haisumbui.

Lakini maji kupwa si hasara. Ndiyo saa ya kuona wanawake wakihudumia mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza kwa biashara Paje mwaka 1989, wakifunga vishada kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Ndiyo saa ya kutafuta pweza pia: mtu mwenye mkuki mwembamba anakagua shimo baada ya shimo kwenye mwamba, na akimpata anampigapiga kwa muda mrefu ili alainike kabla ya kumpeleka jikoni. Pweza wa nazi wa Jambiani, aliyenunuliwa ufukweni mchana na kupikwa jioni na mama wa kijijini kwa makubaliano, anashinda menyu nyingi zilizochapwa. Vaa viatu unapotembea kwenye mwamba. Urumba, wale wanyama wa baharini wenye miiba myeusi, hawabagui mgeni na mwenyeji, na mwiba ukiingia kisigino likizo imekwisha.

Anayekuwepo katika nusu ya pili ya Julai aulize tarehe ya Mwaka Kogwa, Makunduchi, kusini mwa kisiwa. Wanaume hupigana kwa makuti na migomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba, kisha watu wanakula. Mila ya pale inamtaka mwenyeji awe na mgeni siku hiyo, kwa hiyo mgeni mwenye adabu hatalala njaa.

Msitu wa Jozani na kima punju wake, kobe wakubwa wa Changuu ambao wazazi wao waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919, mashamba ya viungo ya Kizimbani: vyote ni vya nusu siku, na watoto huvipenda. Mkunazini hapafai kupitwa haraka hivyo. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa pale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, na nje yake kuna sanamu za watu waliozama shimoni hadi kiunoni, minyororo shingoni. Wengi waliouzwa hapo walitoka bara, wakiwemo watu wa mashariki ya Kongo ya leo. Nyumba ya Tippu Tip, aliyefanya biashara ya pembe na ya watu hadi Kasongo na kufariki Zanzibar mwaka 1905, bado iko mtaa wa Shangani. Mfalme Msiri wa Bunkeya, Katanga, aliyeuawa Desemba 1891, naye aliuza pembe na shaba kwa misafara ya pwani. Njia anayoipita leo mtu wa Lubumbashi kwenda likizo ilipitwa na wengine bila hiari yao, na mzazi mwenye watoto wa shule atafanya vizuri kulieleza hilo papo hapo.

Ya kununua ni machache. Iliki, mdalasini, pilipili manga na binzari vinunuliwe Darajani, si mwishoni mwa ziara ya viungo ambako bei hupanda kwa sababu ya shukrani. Karafuu zichukuliwe pakiti ndogo tu. Biashara yake kwa wingi ni ya serikali, kupitia shirika la ZSTC. Kanga za jozi zinapendeza hata kwa aliyejaza kabati vikwembe, mradi asome maandishi kabla ya kumpelekea mama mkwe. Makombe na vitu vya magamba ya kasa viachwe. Matunda yaliwe huko huko: Desemba hadi Februari ndiyo zamu ya maembe, shokishoki na doriani, na doriani harufu yake haikaribishwi hotelini wala kwenye boti. Julai mtu atakutana zaidi na machungwa, mapapai na ndizi, na juisi ya mabungo, ambayo Lubumbashi haipo.

Kurudi kunahitaji hesabu. Kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti mabasi ya Dar kwenda mpakani hujaa, kwa kuwa wafanyabiashara wa Kongo waliokuja soko la Kariakoo nao wanarudi na marobota yao. Tikiti ikatwe kabla ya kuvuka kwenda Unguja, siku moja ya akiba iwekwe kwa ajili ya Tunduma na nyingine kwa ajili ya Kasumbalesa, na viungo vifungwe mara mbili. Afisa wa forodha anayefungua begi lenye bizari nzima huuliza maswali mengi, nusu yake ni ya mapishi.